Winchi Isiyo na Mti

Katika kila andiko la mradi wa vijijini kuna ukurasa ambao mfadhili huupitia haraka na dereva hauoni kabisa. Ni kiambatisho cha vifaa, na mstari wake mnene kuliko yote ni wa gari: Land Cruiser hardtop moja, ya dizeli, yenye ngao ya mbele, winchi, snokeli, keria, matangi mawili ya mafuta, redio ya masafa marefu, taa za ziada na matairi mawili ya akiba. Mara nyingi orodha hiyo imenakiliwa kutoka andiko la mradi uliotangulia, ambao nao ulinakili kwa mwenzake. Ndiyo maana mradi wa chanjo huomba gari lile lile lililoombwa na mradi wa misitu, na wakulima wa mpunga wa Malinyi, bonde la Kilombero, huletewa gari lililofikiriwa kwa ajili ya jangwa.

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilitoka mwaka 1984 na bado inaundwa. Injini yake ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, iliyoanza kutumika 1990, ndiyo ambayo fundi wa Ifakara anaifungua na kuifunga bila kompyuta. Ninachouliza ni kuhusu vitu tunavyovipachika juu yake: nani avifunge, na vinakuwa wapi mradi ukifika mwaka wa tatu.

Njia za kuvipata ni tatu. Unaweza kuviagiza pamoja na gari vifungwe kiwandani, kama yale matangi mawili ya hardtop ambayo kwa pamoja hubeba lita 180, au difu zinazofungika mbele na nyuma. Unaweza kuvifungisha kwenye ghala la maandalizi: magari mengi ya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada hupitia Toyota Gibraltar Stockholdings, kampuni iliyoko Gibraltar, ambayo huweka akiba ya magari na kuyafungia ngao, redio na winchi kabla hayajapakiwa melini. Au unasubiri gari lifike, kisha unaingia mtaani, Gerezani kwa watu wa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa watu wa Nairobi, ambako kila kitu kipo kwa kila bei, orijino na feki rafu moja.

Kwenye karatasi njia mbili za kwanza hushinda, na sababu yake ni ya fedha kuliko ya ufundi. Gari la mradi, lile la namba za DFP za miradi ya wafadhili, kwa kawaida huingia Tanzania kwa msamaha wa kodi, na chochote kilichofungwa juu yake huingia pamoja nalo. Ukikumbuka mwakani kwamba ulihitaji springi nzito zaidi, springi hizo zitakuja na makaratasi yake, ushuru wake na VAT ya asilimia 18, au uanze upya safari ya kuomba msamaha mwingine. Tena fedha za vifaa hutolewa mradi unapoanza, mara moja, na zisipotumika zinarudi zilikotoka. Kwa hiyo mpangaji anaomba kila kinachoweza kuombwa. Fungu la matengenezo, kwa upande wake, limekadiriwa kwa gari tupu: oili, filta, matairi, basi. Winchi haina mstari humo. Betri ya pili haina mstari. Wala keria haina, mpaka siku itakapopasuka.

Niitazame winchi kwa karibu, maana ndiyo inayompendeza kila mtu siku gari linapokabidhiwa. Ya kawaida kwa gari la ukubwa huu huandikwa ratili 9,500, yaani tani 4.3 hivi. Namba hiyo ni ya waya uliobaki safu ya chini kabisa kwenye ngoma. Safu zikiongezeka, nguvu inapungua. Ikivuta kwa uwezo wake wote inaweza kula zaidi ya ampea 400, umeme ambao alteneta haiwezi kuurudisha kwa kasi hiyo, kwa hiyo betri iliyochoka inakuachia gari limezima katikati ya tope. Hayo yote yamo kwenye kitabu cha maelekezo. Jambo la kwanza analolikuta dereva ni jingine: winchi inataka mahali pa kufungwa.

Bonde la Kilombero wakati wa masika ni udongo mweusi, nyasi na maji. Waya wa winchi una urefu wa mita 25 hadi 30, na mti ulio karibu uko mbali kuliko hapo. Dereva anayeijua kazi yake huazima jembe, akachimba shimo refu mbele ya gari, akalisimamisha tairi la akiba ndani yake, akafunga mnyororo katikati ya ringi, akachimba mfereji mwembamba wa kuupitisha waya ili usilinyanyue tairi, kisha akafukia na kushindilia kwa miguu. Ni saa nzima ya jasho, pengine zaidi, na udongo ukiwa umelowa sana tairi linang'oka kama muhogo. Mara nyingi mambo hayafiki huko. Kabla shimo halijafika magotini vijana wa kijiji wameshakusanyika, bei imetajwa, watu wanane wameshika ubavu wa gari na mmoja anapiga kelele za kuhesabu. Ndiyo winchi ya kweli ya Malinyi, na haina risiti. Mhasibu wa mradi atakuja kuuliza risiti.

Msimu ukiisha, winchi iliyoingia maji ya tope na kukaa bila kuzungushwa hushika kutu ndani. Rimoti yake, ambayo bila hiyo haifanyi kazi, imefungiwa stoo makao makuu isije ikaibiwa.

Jambo la pili ambalo karatasi hailisemi ni uzito. Hardtop iliyotoka kiwandani inabeba takriban tani moja, na wapangaji husoma tani hiyo kana kwamba yote ni ya mzigo wa mradi. Tukadirie. Ngao ya chuma na winchi, kilo 100. Keria, 50. Tairi la pili la akiba, 35. Betri ya ziada, jeki ndefu, minyororo na sepetu, 40. Hapo hujapandisha mtu, na kilo zaidi ya 200 zimeshaondoka. Pandisha watu sita na mabegi yao, kilo 480, na sasa masanduku ya dawa, viti vya mkutano, jenereta na pipa la maji vimebakiziwa chini ya kilo 300. Havitabaki nyumbani. Vitapanda juu ya keria, juu kabisa, mahali ambapo kila kilo inalivuta gari lipinduke kwenye kona.

Kuna kosa jingine humo humo. Kilo 100 za ngao na winchi zimekaa mbele ya magurudumu ya mbele. Springi za kiwandani hazikupimwa kwa mzigo huo, kwa hiyo pua inashuka, taa zinaangaza chini na matairi yanalika upande mmoja. Kampuni kama ARB ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1975, huuza springi kwa kuuliza kwanza gari litabeba nini na kiasi gani, mbele na nyuma. Swali hilo ni la maana kuliko jina la kampuni. Sijawahi kuona jedwali la ununuzi lenye nafasi ya kulijibu.

Kwa upande wa nyaya, nyaya zile za mtaani, hapo siwatetei mafundi wetu hata kidogo. Fungua boneti ya gari lililofungiwa taa za ziada kwa haraka, ufuate waya mwekundu kutoka kwenye betri. Utaukuta hauna fyuzi, umeunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu, halafu unaingia ndani ya gari kupitia tundu lililotobolewa kwa drili, bila mpira wa kulinda kingo za bati. Mjini utadumu. Upeleke kwenye barabara ya Naabi hadi Seronera, huko Serengeti, ambayo changarawe yake imejikunja migongo na mabonde madogo kilomita baada ya kilomita, na mtikisiko utausugua waya dhidi ya bati mpaka shaba ionekane. Ukibahatika taa zinazimika. Usipobahatika unanusa moshi. Na ukirudi kwa wakala kudai waranti, atauangalia waya huo huo na kukuonyesha mlango. Kwa magari mapya zaidi, yenye mifuko ya hewa na rada nyuma ya grili, hata ngao tu si ya kufungwa na mchomeleaji yeyote, maana inaweza kuvuruga vihisi vinavyoamua mfuko ufunguke lini.

Snokeli nitaipitia haraka. Watu huamini inaligeuza gari kuwa mtumbwi. Toyota hutaja kina cha sentimita 70 kwa Land Cruiser kupita majini, na bomba la hewa lililopandishwa juu haliondoi hatari ya maji kuingia kwenye difu na giaboksi kupitia vipumulio vyake. Faida yake kubwa kwetu ni kiangazi, kwa kuvuta hewa iliyo juu ya wingu la vumbi la gari la mbele, na filta kudumu zaidi. Ikifungwa kiwandani au ghalani, sawa. Ikifungwa mtaani, angalia maungio, kwa sababu snokeli inayovuja chini ya boneti ni pambo.

Redio ya masafa marefu, yenye ile antena ndefu inayocheza mbele ya gari, ilikuwa uhai wa watu kabla ya minara ya simu. Leo, nje ya mashirika yenye masharti yake ya usalama, nyingi zimekaa kimya zikiwa na kipaza sauti kilichokatika waya.

Nisionekane napinga kila kinachofungwa na mtengenezaji. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha gari la kusafirishia chanjo lililojengwa juu ya Land Cruiser 78, kazi ya Toyota, Toyota Tsusho na B Medical Systems ya Luxembourg. Nyuma yake kuna jokofu la lita 396, linalobeba pakiti 400 za chanjo, lenye betri yake inayoweza kuliendesha kwa saa 16 hivi bila umeme mwingine. Hapo uzito, umeme na mzigo vilifikiriwa na watu waliokaa meza moja, na idhini ikatolewa kwa gari zima pamoja na jokofu lake. Hicho ni kifaa ambacho singethubutu kumpa fundi wa mtaani akibuni.

Linganisha na waongoza watalii wa Arusha, watu wanaonunua magari kwa fedha zao na kulala njaa gari likiharibika. Karakana za mji ule huchukua Land Cruiser, zikairefusha fremu, zikajenga bodi yenye paa la kunyanyuka, zikaongeza springi. Ni kazi ya mtaani kabisa, na imesimama kwa miaka mingi kwa sababu fundi aliyeifunga yuko umbali wa simu moja na gari linarudi kwake kila baada ya safari. Wengi wao hawajisumbui na winchi. Wana redio ya kuitana, jeki ndefu, sepetu, mkanda wa kuvutia, na mwenzao aliye kilomita chache nyuma. Huko mbugani hesabu hiyo inatosha. Afisa wa afya aliye peke yake ng'ambo ya mto hana mwenzake nyuma, na ni yeye ambaye ningemwekea winchi, pamoja na fungu la kuitunza na siku mbili za kumfundisha dereva kuizika tairi.

Shirika la Riders for Health, lililojulikana kwa kutunza pikipiki na magari ya afya katika nchi kama Lesotho, Gambia na Zimbabwe, lilikuwa na utaratibu wa kukokotoa gharama ya kila kilomita, spea na matengenezo yakiwemo, kabla gari halijaanza kazi. Wapangaji wetu wangekokotoa hivyo, nusu ya orodha ya vifaa ingejiondoa yenyewe.

Hukumu yangu ni hii. Agiza kiwandani vile ambavyo huwezi kuvirudia baadaye: difu za kufunga, matangi mawili, mfumo wa umeme. Chukua ringi za chuma, si za aloi, kwa sababu ringi ya chuma iliyopinda fundi wa kijijini anainyoosha kwa nyundo. Na saizi ya 7.50R16 yenye tyubu, yenye sura ya kizee, ndiyo ambayo kijana wa pancha pale Mlimba anaijua. Springi zichaguliwe baada ya kupima mzigo halisi kwenye mizani, na zinunuliwe pamoja na gari ili msamaha wa kodi uzihusu. Keria, viti na maboksi viachie karakana ya mkoani, ambayo itaitwa tena vikipasuka, na vitapasuka. Fedha ya winchi, kama gari halitakuwa peke yake, igeuze kuwa matairi mazuri na mafunzo ya kupunguza upepo wa tairi mchangani na kuujaza tena kabla ya kurudi lami.

Kwa wanaoandika viambatisho vya vifaa: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na orodha za magari huandaliwa miezi mingi kabla. Dereva aliyelitumia gari la mradi uliopita yuko hapo hapo ofisini, chini ya mwembe au kwenye benchi la mapokezi. Mpeni orodha aisome na kalamu nyekundu mkononi kabla haijakwenda kwa afisa ununuzi.