Je, Wajua? Kuku hawamo kwenye sheria ya machinjio ya Marekani

Marekani huchinja zaidi ya kuku bilioni 9 kila mwaka. Hata hivyo, sheria ya shirikisho ya 1958, inayotaka mnyama apoteze fahamu kabla ya kuchinjwa, haiwahusu kuku wala bata mzinga, kwa tafsiri ya Wizara ya Kilimo. Ile ya ustawi wa wanyama ya 1966 nayo iliiacha nje mifugo ya chakula.

Zinabaki sheria za majimbo, na nyingi husamehe jambo lolote ambalo ni desturi ya wafugaji. Kifaranga akikatwa ncha ya mdomo, hakuna kosa, maadamu mabanda mengi hufanya hivyo. Huu ni uonevu mtupu: mtuhumiwa ndiye anayeamua kosa ni lipi.

Desemba 2011, mwanaharakati aliyeajiriwa kwenye shamba la bata mzinga huko Hoke, North Carolina, alirekodi kwa siri ndege wakipigwa mateke na kutupwa. Polisi walivamia shamba, na mwaka uliofuata mfanyakazi mmoja alikiri kosa la jinai la daraja la juu, jambo lililokuwa halijawahi kutokea kwa ukatili dhidi ya ndege wa mashamba ya viwandani nchini humo.

Mwaka 2015 bunge la jimbo hilohilo, likipindua kura ya turufu ya gavana, liliwaruhusu waajiri kuwadai fidia wafanyakazi wanaorekodi kwa siri. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizuia sheria hiyo isitumike dhidi ya wanaokusanya habari.