Kichwamaji na Hasira Isiyotuliwa

Kichwamaji ni riwaya ninayoistahi, lakini nasita kumwazima kijana wa hapa Voi kabla ya kuzungumza naye. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, aliitoa mwaka 1974, miaka mitatu baada ya Rosa Mistika.

Msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kinyongo na Manase, aliyempa mimba Rukia, dada wa Kazimoto. Anapanga kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dadake Manase. Mpango unageuka ndoa, ndoa inaandamwa na msiba, na mwishowe Kazimoto anajiua. Kwa kuwa habari yote inatoka kinywani mwake, msomaji hana pa kusimama nje ya akili hiyo. Unazikubali hoja zake moja moja, kisha unashtuka kuona zimekufikisha wapi. Hapo ndipo ulipo ukubwa wa kitabu hiki: kinaonyesha jinsi chuki ya msomi inavyovaa joho la falsafa. Kazimoto anatangaza kwamba maisha hayana maana. Mimi namwona mtu aliyeumia asiyekubali kusema ameumia.

Wazee wa Taita waliijua hatari hiyo. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti vilimani huku mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha 1978 jinsi dini ya Wataita ilivyoitazama hasira ya moyoni. Iliaminika kwamba hasira ya ndugu, hata asipoitamka, yaweza kuleta maradhi na vifo katika jamaa. Dawa yake ilikuwa kutasa: mwenye hasira hutia kinywani funda la pombe au maji ya miwa, akalipuliza nje huku akitamka kwamba ameachilia, na kuwaombea wenzake heri.

Kezilahabi anakubaliana na nusu ya mafundisho hayo: kinyongo cha mmoja kinaila nyumba nzima. Nusu ya pili haimo. Kazimoto hapewi mahali pa kuutua uchungu wake. Rukia na Sabina wanalipa deni la wanaume wawili, na hata maumivu yao tunayapata kwa sauti ya Kazimoto tu. Kisha kifo chake kinakuja kana kwamba ni hitimisho la hoja. Hitimisho hilo silikubali.

Hata hivyo, kukificha kitabu hiki kabatini si suluhisho. Nchini Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi, aliyefika ukingoni alikuwa na sababu ya kisheria ya kunyamaza. Riwaya inayothubutu kuuvunja ukimya huo ina kazi ya kufanya hapa kwetu. Nitaendelea kuiazima, kwa sharti kwamba msomaji arudi tuizungumze, maana swali ambalo Kazimoto hakulijibu, la mtu afanye nini na hasira aliyo na haki nayo, lingali letu.