Tamasha la kukata kiuno: mgeni aanze yeye

Mwaka wa kwanza tulipoandaa tamasha la raqs sharqi hapa Uingereza, la wanawake watupu, nilifanya kosa la kialimu. Niligawa watu kama nilivyozoea kugawa madarasa: wajuzi ukumbi mkubwa, wanaoanza chumba kidogo cha juu karibu na stoo. Baada ya chakula cha mchana mama mmoja, mtu wa kwetu Mombasa, akavaa koti lake. "Mwalimu, hata huku umenitia darasa la wajinga?" Akenda zake.

Usiku ule sikulala. Mie mwenyewe nilisoma sekondari ya misheni. Bwenini tukicheza chakacha kwa kupiga ndoo, na tukikamatwa tunapiga deki. Aibu ya kiuno naijua.

Wazungu huiita densi ya tumbo, ingawa kazi kubwa iko nyongani. Badia Masabni alifungua ukumbi wake Cairo mwaka 1926, na kwake walipita Tahia Carioca na Samia Gamal. Mwaka 2000 Raqia Hassan akaanzisha huko Cairo tamasha la Ahlan wa Sahlan, na wachezaji wa nchi nyingi huliendea. Jina lenyewe ni karibu. Na majumbani, Misri kama Mombasa, wanawake hucheza harusini bila kuulizwa cheti.

Mwaka wa pili, mwenzetu mmoja wa kamati alitaka kila anayejiandikisha atume video apimwe. Nikakataa katakata. Tulipanga hivi:

Asubuhi wote ukumbi mmoja, kwa duara, si kwa mistari. Hatua moja tu, polepole. Baadaye vyumba vitatu: "Mara yangu ya kwanza", "Nakumbuka kidogo" na "Nacheza". Kila mtu ajichagulie, na ruhusa kuhama.

Viti viwepo, mwenye magoti mabovu azungushe nyonga amekaa.

Simu zote kapuni mlangoni. Bila hilo, wenye buibui hawavui, na wana haki.

Mishipi ya sarafu ni ghali, tukafunga leso.

Usiku wanaoanza hucheza kwanza, wajuzi wakipiga makofi.

Yule mama nilimwendea kwake na sahani ya kaimati, nikamwomba radhi. Akasema, "Nitakuja, lakini nitakaa." Na kweli alikaa kutwa nzima, mkoba mapajani. Jioni mwalimu wetu mmoja, binti wa Kiingereza, alipita mbele yake, leso imempanda mbavuni. Mama akamvuta, akamfunga upya.

"Chini kidogo, mwanangu. Ikikaa juu, hukati kitu."

Binti akajaribu. Mama akatikisa kichwa, akaweka mkoba chini, akasimama kumwonyesha. Watu wakawazunguka.

Mwaka huu tumemwomba afundishe nusu saa ya chakacha. Amesema atafikiri. Lakini jana amenipigia simu kuuliza ukumbi una sakafu ya mbao au zulia.