Malindi Unamanga na Saa Mkononi

Beste yangu alienda Lisbon mwaka jana kucheki sistake, na kila jioni alikuwa ananitumia picha za dishi. Leo dagaa wakubwa wamechomwa kwa makaa, kesho pweza na viazi, keshokutwa kikeki cha mayai kimeungua juu. "Buda, hawa wasee wanajua bahari," akaandika. Nikamjibu: waulize kama wanakumbuka nani aliwalisha siku wameishiwa.

Na hiyo si stori ya jaba. Vasco da Gama alitoka huko Lisbon Julai 1497. Kufika Aprili 1498 ashakosana na Mombasa, na hana msee wa kumwonyesha njia ya India. Sultani wa Malindi ndiye alimfungulia mlango, akampa kondoo, viungo na rubani. Aliporudi Januari 1499, watu wake wakianguka mmoja mmoja kwa ugonjwa, kitu walikuwa wanalilia hapa kwetu ni machungwa. Ule mnara wake mweupe pale ufukweni kila mtu anapiganga nayo picha. Ya machungwa hakuna mtu hujua.

Mimi ni mtoi wa Maweni, hapo hapo Malindi, saa hii najishikiza Umoja, Nairobi, kutafuta doo. Kila Desemba mbogi yangu inaniuliza swali moja: "Buda, tukishuka Malindi tunakula wapi?" Maze, swali lenyewe limekaa kombo. Kwetu huulizi wapi, unauliza saa ngapi. Chakula kina saa yake, samaki ana mwezi wake, hata mnazi una asubuhi na jioni. Watu wa bara wanashuka na ratiba ya Nairobi, wanaamka saa nne na hangova, halafu wanaenda kutangaza eti Malindi hakuna chakula, ni chipo tu.

Anza na alfajiri. Saa kumi na moja na nusu, watu wakitoka msikitini, mathee wa pale kona ashawasha jiko na karai linaunguruma. Mahamri. Unga umekandwa jana usiku kwa tui na iliki, umelala umeumuka, na sasa kila kipande kikigusa mafuta kinafura kama kinavuta pumzi. Pembeni kuna sufuria ya mbaazi za nazi, zimechemshwa mpaka zimelainika, tui zito limeketi juu. Hamri moja ni ashu. Mbaazi za finje zinakumaliza. Chai ya tangawizi juu yake, na hapo hutaki kuongeleshwa.

Sasa kosa ambalo watu wa bara hufanya. Nilienda na chali mmoja wa Githurai, akafika akasema, "Mathee, nipee mandazi tano." Mathee akamwangalia kama amemtusia ukoo. "Mandazi mwayaacha hukohuko kwenu, mwanangu. Hapa pana mahamri. Wataka ngapi?" Chali akacheka, akamanga manane. Siku ya pili alinitangulia kuamka. Siku ya tatu alijidai anajua mtaa, akaenda peke yake saa nne, akapata karai limeoshwa limegeuzwa juani. Alikunywa chai na mkate wa duka, kama mtu ako bodingi.

Mchana ni wa wali wa nazi na samaki, na hapa lazima nikuambie kuhusu upepo. Kaskazi inavuma kuanzia kama Novemba mpaka Machi, bahari imetulia, mashua zinaenda mbali na kurudi zimebeba. Nguru, kolekole, jodari. Kusi ikiingia, hasa Juni mpaka Agosti, mawimbi yanakasirika na wavuvi wadogo wanajishikia ndani ya mwamba: changu, tafi, vitu vya kukaanga na ndimu. Hiyo tafi usiidharau. Ina miiba yake lakini utamu wake umewashinda wale samaki wakubwa wote wa picha.

Kwa hivyo ukikaa mahali Julai, ukaambiwa kamba na nguru wote wametoka baharini leo asubuhi, uliza maswali. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na manzi, nilitaka kuonekana msee, tukaingia mahali pamoja kando ya bichi, siwataji. Kamba wakaja wamekauka kama plastiki, katikati bado kuna ubaridi wa friza. Bili thao tatu u nusu. Manzi akaniuliza kama hatungeenda tu kwa mathee. Mpaka leo hiyo sentensi huniamsha usiku.

Njia yangu ni hii: saa nne nne hivi unatembea mpaka kwa jeti ama pale mashua zinashukia, unacheki nini kimetoka. Ukiona changu wengi, unajua mchana utaagiza nini. Halafu unaingia mji wa kale, nyuma ya ule Msikiti wa Juma wenye makaburi ya nguzo, unatafuta hoteli ndogo yenye madreva wa tuktuk wamejaa. Agiza samaki wa kupaka: amechomwa kwanza kwa makaa, kisha akapakwa rojo la tui, ukwaju na pilipili, akarudishwa motoni. Wali uwe umepikwa kwa nazi iliyokunwa hapohapo. (Na ukisikia mpishi akisema "nipe mbuzi", usitoroke. Mbuzi ni kile kigoda chenye meno cha kukunia nazi.) Biriani ngojea Ijumaa, baada ya swala. Siku zingine utaipata, lakini ya Ijumaa imepikwa na mtu anayejua mtaa mzima utakuja kuihukumu.

Na Wataliano? Hao wameanza kujazana huku tangu miaka ya sitini, wakati Italia ilijenga kituo cha kurusha setilaiti baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mwaka 1967 wakarusha ya kwanza kutoka hapo, na 1970 ikaenda ile ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru, juu ilirushwa tarehe 12 Desemba, siku ya uhuru wetu. Mainjinia walikuja na roketi, nyuma yao wakafuata wapishi, na roketi ziliisha 1988 lakini pasta imebaki. Ndio maana beach boy wa Malindi anakusalimia "ciao" kabla ya "mambo". Siku hizi Wataliano wamepungua, si kama zile enzi za mamangu, lakini bado huku utapata kahawa ndogo chungu na aiskrimu ambayo Nairobi inabahatisha tu.

Kuna majina ya siku nyingi kama Baby Marrow na Old Man and the Sea, hii ya mwisho ikiwa na jina la kitabu cha Hemingway, ambaye mwenyewe alikuja kuvua samaki Malindi mwaka 1934. Huko jipange, ni doo ya mshahara. Sheria yangu kwa Mtaliano ni moja: usiagize kitu kimetoka Italia. Nyama zao za kukaushwa zimepanda ndege na wewe utalipia hiyo tiketi. Agiza pasta ya kaa ama ya ngisi. Mkono ni wa Mtaliano, kaa ni wa kwetu. Kama mfuko umetoboka, ingia asubuhi pale wazee wao wanakaa na magazeti, kunywa kahawa moja, jifanye mwekezaji, toka.

Pweza sasa. Hapa ndipo saa ya mkononi haikusaidii, unahitaji kucheki mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana, mwamba unabaki wazi, na watu wanatembea juu yake na vijiti wakichokora mashimo. Siku hizo ndio pweza anafika mjini akiwa wa leo. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na pweza unayeuziwa huenda amelala kwa barafu. Supu yake inauzwa jioni kwa vikombe, ina chumvi, ndimu na pilipili, na itakuja na porojo za wanaume kuhusu nguvu za usiku. Mimi huilipia supu, porojo nawaachia wenyewe.

Ukipita Watamu, shuka Dabaso kwa ule mkono wa bahari wa Mida. Pale kuna Crab Shack, mradi wa wanakijiji wanaotunza mikoko. Unatembea juu ya daraja la mbao katikati ya miti mpaka unatokea juu ya maji, unaagiza sambusa za kaa. Nenda jioni, maji yakiwa yanapanda. Maji yakitoka unaangalia matope, na matope hayana shida, lakini hukusafiri kutoka Nairobi kuja kucheki matope.

Kilifi ni mji mwingine kabisa, ingawa kaunti ni moja. Iko katikati ya Mombasa na Malindi, na ukivuka daraja la Mnarani, lililofunguliwa 1991 kuondoa kivuko, utaona maji mpaka usahau njaa. Wenye doo wanateremka Boatyard kule mashua zinakotengenezwa, wanakula samaki miguu karibu iguse maji. Ni poa, sikatai. Lakini mimi Kilifi naenda kwa sababu ya kina mama wa Kigiriama na mtsunga wao. Ni mboga ya porini, chungu kidogo, inapikwa na tui mpaka uchungu unageuka utamu wa pembeni ya ulimi. Sima nyeupe, mtsunga, samaki mkavu aliyeungwa. Uliza soko la Oloitiptip, zunguka nyuma, fuata harufu ya nazi. Hakuna menyu. Utaambiwa kilichopo, na ukichelewa kupita saa saba utaambiwa kilichokuwepo.

Hiyo sima yenyewe ina stori. Mahindi, muhogo na mkorosho vyote asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliovuka navyo bahari. Hata neno meza tumelitoa kwao. Kwa hivyo walikula machungwa yetu, baadaye deni likaanza kulipwa. Korosho za Kilifi zinauzwa kwa dirisha la mat kwa vipakiti vidogo. Kiwanda cha korosho cha mji kilifungwa kitambo, siku hizi wengi wanakaanga nyumbani. Onja moja kabla ya kulipa. Ikiwa laini, rudisha.

Mnazi usiutafute kwa hoteli. Wagiriama wanauita uchi, na najua umecheka, kila mtu wa bara hucheka. Mgema anapanda mti asubuhi na jioni. Ule uliotoka mtini asubuhi ni mtamu kama soda, hata shosho anaupiga. Ule umekaa mpaka jioni umechacha, unapanda kichwani kabla hujajua umeketi wapi. Mangweni, pale mnazi unauzwa, watu wanaketi kwa adabu: salimia wazee kwanza, subiri upewe kiti, usitoe simu kupiga watu picha. Nilikaa na mzee mmoja Mnarani, nikamwuliza mnazi mzuri ni upi. "Mwanangu," akasema, "ni ule unaokurudisha nyumbani kwa miguu yako."

Usiku unarudi Malindi ama unabaki Kilifi, haijalishi, viazi karai viko kote. Viazi vimechemshwa, vikavikwa unga wa njano, vikatumbukizwa kwa mafuta. Lakini kiazi ni farasi tu, mpanda farasi ni chatini. Ya ukwaju iwe nzito na kali, ya nazi iwe imesagwa leo. Ongeza mishkaki miwili na bhajia za finje, kaa kwa benchi, sikiliza watu wakibishana Arsenal. Kuanzia magharibi mpaka kama saa nne usiku hiyo ni karamu, na soo mbili inabaki na chenji.

Ukishuka wakati wa Ramadhani, heshimu: mchana vibanda vingi vimefungwa, na usitembee mtaani ukitafuna. Ngoja magharibi. Muhogo wa nazi, kaimati, uji wa pilipili manga, tende. Kama kuna mwezi mmoja wa kula vizuri pwani hii, ni huo ambao watalii hukwepa.

Desemba hii nashuka tarehe 20. Mbogi ikitaka kuja, tunaamka saa kumi na moja. Mahamri ya kona ya Maweni huisha saa tatu, na simwekei mtu.