Utah: Masikio ya bandia na siri nyingine ndani ya nyumba za Wamormoni

Mwezi Aprili 2024, wanafunzi wa shule moja huko Payson, mji mdogo ulio kusini mwa Salt Lake City katika jimbo la Utah, Marekani, walitoka darasani wakaandamana. Hawakudai walimu wala vitabu. Waliwalalamikia wenzao, wakisema kwamba wanajifanya wanyama, wanabweka na kuuma watu, na kwamba uongozi wa shule unawakingia kifua. Wazazi nao walijiunga, mabango mkononi. Wakuu wa elimu wa eneo hilo walijibu kwamba hakuna tukio hata moja la kuumwa lililothibitishwa. Walichokuwa nacho ni watoto wachache ambao siku nyingine huvaa utepe wa kichwani wenye masikio ya kitambaa.

Jina walilobandikwa watoto hao ni furi. Kwa kweli furi ni watu wanaopenda wanyama wa kubuni wanaosema na kutembea kama binadamu, mfano wa Sungura na Fisi wa hadithi zetu. Kila mmoja hujichagulia mnyama wake, akampa jina, rangi na tabia, akamchora. Walio wengi hawaamini hata kidogo kwamba wao ni wanyama. Vazi zima la sponji na manyoya bandia hugharimu maelfu ya dola, na wenye nalo ni wachache. Mwaka 2024, mkutano wao wa Pittsburgh uitwao Anthrocon ulikusanya zaidi ya watu 17,000.

Uvumi umewaandama kwa miaka. Mwaka 2022, Bruce Bostelman, mbunge wa jimbo la Nebraska, alisema bungeni kwamba shule zinataka kuwawekea wanafunzi wa aina hiyo masanduku ya mchanga ya paka wajisaidie humo. Haikuwa kweli, naye akaomba radhi. Lakini radhi haikukimbia kama uvumi.

Watafiti wa Marekani na Kanada wanaojiita Furscience wamewachunguza furi kwa zaidi ya miaka kumi. Mambo mawili yanajirudia katika kazi yao: wenye usonji, au otizimu, ni wengi zaidi humo kuliko katika jamii ya kawaida, na walio wengi hawajitambulishi kuwa watu wanaovutiwa na jinsia tofauti peke yake.

La kwanza si fumbo kubwa. Mtu mwenye usonji mara nyingi huchoshwa na mambo ambayo wengine hawayahisi: kutazamwa machoni, kelele za watu wengi, kukisia kama tabasamu la mwenzake ni la furaha au la dharau. Wengi hujifunza tangu utoto kuigiza sura ya kawaida, kisha wanarudi nyumbani wamekwisha nguvu. Ndani ya kichwa cha sponji hakuna anayeona macho yako. Sauti zinafifia, tabasamu limeshonwa tayari, salamu inatolewa kwa mkono. Kwenye mikutano, aliyevaa hutembea na mwenzake wa kumwongoza, kwa kuwa haoni vizuri, na kunakuwa na chumba chenye feni cha kuvulia kichwa na kunywa maji. Sheria zote za kukutana na watu zinajulikana mapema. Kanisani ni nadra kupata hilo.

Na Utah ni kwenye makao makuu ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, Wamormoni, ambao tangu Aprili 2019 wana hekalu Kinshasa. Kanisa hilo linafundisha kwamba familia iliyounganishwa hekaluni itaishi pamoja milele. Ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Kuvutiwa na jinsia yako hakuhesabiwi dhambi, kutenda ndiyo dhambi. Kwa mzazi anayeamini hivyo, mtoto anayesema anapenda mvulana mwenzake hajaleta aibu ya mtaani tu: ameacha kiti kitupu mbinguni. Ndiyo maana katika nyumba kama hizo ni rahisi zaidi kugombana juu ya masikio ya kitambaa. Masikio yanaweza kutupwa.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha San Francisco State walichapisha matokeo mazito: vijana wapenzi wa jinsia moja waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema wamewahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo. Baadaye watafiti hao walitoa kijitabu kwa ajili ya familia za Kimormoni hasa. Hakimwambii mzazi aache imani. Kinamwomba asimpige mtoto, asimfungie nje ya shughuli za familia, asimwambie kwamba Mungu atamwadhibu.

Tangu 2023, sheria ya Utah inawakataza wataalamu wa afya ya akili wenye leseni kujaribu kubadili mvuto wa kimapenzi wa mtoto. Viongozi wa dini hawaguswi nayo.

Mvulana akifika miaka 18, kanisa humtarajia aende umisionari wa miaka miwili. Ndio wale wa shati jeupe na tai wanaotembea wawili wawili hata Lubumbashi, wakigonga milango ya wasiowajua. Kwa mwenye usonji kuna njia nyingine, utumishi wa kazi akiwa anakaa kwao. Lakini njia zote mbili zinaanzia kwenye mahojiano na askofu, ambaye kwa desturi ya kanisa hilo ni muumini wa kawaida wa mtaa huohuo, pengine rafiki wa baba. Masikio hayamo katika maswali yake. Usafi wa kimwili umo.