Kifua kikikaza usiku, tusingoje asubui

Baba anarudi kutoka kazi ya usiku, anashika kifua. Jasho ya baridi inamutoka, mukono wa kushoto unauma, anataka kutapika. Nyumbani wanasema: "Ni malaria tu," ao "ni tumbo." Wanamupa parasetamoli na maji ya moto, analala, lopitali ni kesho. Kenya, Katuba, Ruashi, habari hii tunaisikia kila mara, na kila mara tunaingia mu kilio.

Moyo ni pompe. Mushipa unaoulisha ukizibwa na damu iliyoganda, nyama ya moyo inaanza kufa, saa kwa saa. Pompe ya maji ikisimama chini ya mugodi, nani anangoja asubui?

Mwaka 1988 banganga wa nchi 16 walitangaza uchunguzi ulioitwa ISIS-2, wenye wagonjwa 17,187. Wengine walipewa aspirini, wengine streptokinazi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, wengine zote mbili, wengine hapana hata moja. Kisha juma tano, kati ya wagonjwa 1,000 wasiopata dawa hizo, karibu 132 walikufa kwa moyo na mishipa. Kati ya waliopata zote mbili, 80. Na aspirini, ile kidonge ya franga kidogo, peke yake iliokoa wengi.

Basi kifua kikikaza hivi, mgonjwa mukubwa atafune aspirini ya 300 mg, asiimeze nzima, na safari ianze palepale. Parasetamoli haifanye kazi hiyo. Lakini tuangalie: anayetapika damu, ao ambaye aspirini inamudhuru, ao ambaye mudomo umepinda na upande mumoja wa mwili umelegea, asipewe, apelekwe tu.

Streptokinazi ni ya lopitali, kisha banganga kupima moyo na mashini. Inasaidia zaidi mu masaa ya kwanza. Kisha masaa 12 faida inabakia kidogo sana. Njo maana tunasema usiku uleule, iwe Sendwe, iwe Cliniques universitaires.

Akirudi nyumbani, anakuja na vidonge vya kila siku: aspirini ndogo, dawa ya kupunguza mbio ya moyo, ya kushusha presha, ya mafuta ya damu. Hapa mama wa nyumba ana kazi. Baba akishajisikia muzuri anasema, "Minapona, niache." Asiache bila munganga kusema.

Leo jioni, tuulize jirani mwenye motokari namba yake ya simu.