Maji Yanapotibuka katika Tangi la Viumbe wa Bahari

Katika shule za msingi zilizo karibu na pwani, tangi la kioo lenye maji ya bahari ni zana bora ya kufundishia Sayansi. Wanafunzi huona kwa macho yao namna samaki wadogo wa mwambani, kaa na konokono wanavyoishi. Hata hivyo, walimu wengi hukata tamaa pale maji yaliyokuwa maangavu jana yanapoonekana leo yametibuka. Katika makala haya tunakusudia kueleza sababu za hali hiyo, namna ya kuiondoa, na jinsi ya kuifanya iwe somo.

Tuanze na kosa tulilolishuhudia. Mwanachuo wetu mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, alikuta maji ya tangi la darasa yamekuwa meupe kama tui. Kwa nia njema aliyamwaga yote, akaosha mchanga na mawe kwa maji ya bomba, kisha akajaza maji mapya ya bahari. Maji yaling'aa. Siku ya nne samaki wote walikuwa wamekufa, na watoto waliokuwa wakiwalisha kwa zamu wakataka kujua sababu. Mwanachuo hakuwa na jibu. Lawama ilikuwa yetu pia, kwani tulimfundisha kulitengeneza tangi bila kumweleza linavyofanya kazi.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Juu ya mchanga na mawe huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Katika tangi jipya, bakteria hao huhitaji kiasi cha majuma manne hadi manane ili wastawi. Maji ya bomba hayana chumvi, na mara nyingi hutiwa klorini. Yakitumika kuoshea mchanga, huwaua. Samaki wale, basi, waliachwa katika maji maangavu yaliyokuwa yakijaa sumu.

Kabla ya kutibu, yatupasa kuitambua sababu. Zilizo za kawaida ni tatu:

(a) Vumbi la mchanga. Maji hutibuka mara tu tangi linapojazwa, na rangi yake hufanana na ya mchanga. Tungoje siku moja au mbili chembe zituame, na zilizobaki zinaswe kwa pamba safi katika kichujio. Mchanga mpya usuuzwe vizuri kabla ya kutiwa.

(b) Wingi wa bakteria waeleao. Maji huwa meupe kama tui, hasa baada ya samaki kulishwa kupita kiasi au kiumbe kufa bila kuonekana. Bakteria hawa hutumia oksijeni nyingi, hata samaki huonekana wakitweta karibu na uso wa maji. Tuondoe mzoga na mabaki, tupunguze chakula, tuongeze hewa kwa pampu, na tubadili sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano ya maji. Mchanga usiguswe.

(c) Mwani mdogo sana. Maji huwa ya kijani kwa sababu ya mwanga mwingi na wingi wa nitrati. Tangi liondolewe kwenye jua, na maji yabadilishwe kidogo kidogo.

Maji mapya yalingane na ya zamani kwa joto na chumvi. Maji ya bahari huwa na kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita. Yanapopungua kwa mvuke, chumvi hubaki. Hivyo pengo hilo lijazwe kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini.

Kwa somo lenyewe, wanafunzi watayarishe chupa tatu angavu za maji ya bahari. Ya kwanza iwe ya kulinganishia. Ya pili itiwe udongo kidogo. Ya tatu itiwe kipande kidogo cha samaki aliyepikwa. Wazitazame kwa siku tano na kuandika mabadiliko, kisha wachuje maji ya chupa ya pili na ya tatu kwa pamba. Wataona kuwa pamba hunasa sehemu ya udongo, lakini weupe wa chupa ya tatu hupita, kwani bakteria ni wadogo mno. Wanawe mikono kwa sabuni baada ya kazi.

Mwisho, matumbawe hai yasivunjwe baharini kwa ajili ya tangi la darasa. Na siku maji yatakapotibuka, mwalimu asikimbilie ndoo. Awakusanye wanafunzi na kuwauliza: Maji yana rangi gani? Yalianza lini kutibuka? Nini kilibadilika kabla ya hapo? Majibu yao yatamwonyesha la kufanya, na samaki watakuwa hai wakati somo likiendelea.